Faida Ipi? Istilahi za Uendeshaji na Mtaji katika Hesabu za Kampuni ya Madini

Katika kazi ya kutafuta na kusanifu istilahi, yako mambo yanayotutaabisha kwa sababu hayana jina katika lugha yetu, na yako mengine yanayotutaabisha kwa sababu yana majina mengi mno, na kila mtu hulitumia lake apendavyo. Mambo ya uhasibu yamo katika kundi hili la pili. Kiswahili kina faida, pato, mapato, chumo, ziada, tija na gawio. Pamoja na wingi huo, mtu akitaka kueleza kwa usahihi kampuni ya madini imepata nini katika mwaka, hukwama katika sentensi ya kwanza.

Miezi michache iliyopita ilinifikia ofisini tafsiri ya muhtasari wa hesabu za kampuni moja ya madini, iliyokusudiwa kusomwa katika mkutano wa kijiji kilicho jirani na mgodi. Mfasiri alikuwa mtu makini, na sarufi yake haikuwa na dosari. Hata hivyo, mahali ambapo asili ya Kiingereza ilisema kwamba kila dola mia za mtaji zilizaa faida ya dola tisa, yeye aliandika kuwa "mtaji umerejeshwa kwa asilimia 9." Mwanakijiji anayesikia maneno hayo ataelewa kwamba kampuni imekwisha kurudishiwa sehemu tisa katika mia ya fedha zake na kwamba bado inadai sehemu tisini na moja. Atahurumia au atakasirika, kwa kadiri ya tabia yake, lakini kwa vyovyote atakuwa amesikia habari ambayo haikuwamo katika hesabu. Katika ukurasa huo huo neno "mapato" lilitumika mara mbili kwa viwango viwili tofauti kabisa, cha kwanza kikiwa mauzo yote ya dhahabu, na cha pili kikiwa kile kinachobaki baada ya gharama za kuendesha mgodi. Yeyote mwenye kutia shaka angeuliza fedha zilizopotea kati ya mstari wa kwanza na wa pili zimekwenda mfukoni mwa nani.

Sikumlaumu mfasiri. Istilahi aliyoitafsiri imejengwa, kwa Kiingereza, juu ya neno lenye maana ya "kurudi", naye akalifuata neno badala ya jambo. Tunaohusika na istilahi tulikuwa hatujampa njia iliyo bora. Makala haya yanajaribu kueleza mambo yenyewe kwanza, kisha kupendekeza majina.

Mapato si faida

Katika machimbo ya wachimbaji wadogo ya Kanda ya Ziwa, mbale zikitolewa duarani aghalabu hugawanywa kwa mifuko. Yupo mwenye eneo. Yupo mwenye duara, aliyetoa chakula, baruti, magogo ya kuzuia kuta zisibomoke na mafuta ya pampu ya maji. Na wapo wachimbaji wenyewe. Mapatano hutofautiana kutoka machimbo hadi machimbo, ila swali linalozusha ugomvi ni lile lile kila mahali: je, gharama zinakatwa kabla ya mgawo au baada yake? Anayepewa mifuko yake kabla ya gharama kukatwa hana haja ya kujua bei ya baruti. Anayengoja mpaka gharama zikatwe anajua kwamba mwezi ukiwa mbaya atarudi nyumbani mikono mitupu, hata kama duara limetoa mifuko mingi.

Mchimbaji huyo, ambaye pengine hajawahi kufungua kitabu cha uhasibu, anajua tofauti ambayo taarifa nyingi za magazeti yetu huichanganya. Serikali ya Tanzania nayo imekaa katika nafasi zote mbili kwa wakati mmoja. Inapochukua mrabaha, inachukua mifuko yake kabla ya gharama. Tangu sheria ya madini ya mwaka 2010, mrabaha wa dhahabu umekuwa ukihesabiwa juu ya thamani ghafi. Kabla ya hapo, chini ya sheria ya mwaka 1998, ulikuwa asilimia 3 ya thamani iliyokwisha kupunguzwa baadhi ya gharama. Mwaka 2010 kiwango kilipandishwa kuwa asilimia 4, na mwaka 2017 kuwa asilimia 6, ikaongezwa na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Lakini Serikali inapotoza kodi ya mapato ya kampuni ya asilimia 30, inangoja gharama zikatwe. Na inapongoja gawio la hisa zake za asilimia 16, ambazo kwa sheria ya mwaka 2017 haizilipii wala haziwezi kupunguzwa, inakaa mwisho kabisa wa foleni, pamoja na wenye hisa wengine.

Hapa yafaa tukiri kwamba lugha yenyewe imetutega. Tunasema "Mamlaka ya Mapato" na tunasema "kodi ya mapato". Katika jina la kwanza mapato ni fedha zote zinazoingia. Katika la pili, kwa upande wa kampuni, mapato ni kile kinachobaki baada ya kutoa gharama zinazokubaliwa na sheria. Nimewahi kumsikia msomi mmoja akilalamika hadharani kwamba kampuni iliyouza dhahabu ya mamilioni kadhaa ilikuwa imekwepa kodi kwa kuwa haikulipa asilimia 30 ya mauzo yake. Huenda kampuni hiyo ilikuwa na makosa mengine, ila hilo halikuwa kosa. Msomi wetu alidanganywa na neno. "Kodi ya mapato" imekwisha kukaa katika sheria na vinywani mwa watu, wala sitarajii kuing'oa. Ninachoomba ni kwamba tusiizidishe taabu kwa kuiita faida ya kuendesha mgodi "mapato ya uendeshaji". Mapato yabaki kuwa fedha zinazoingia. Kinachobaki baada ya kutoa gharama za kuendesha kazi, kabla ya riba na kabla ya kodi, kiitwe faida ya uendeshaji.

Tuchukue mgodi wa mfano. Tarakimu zake nimezitunga mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi, na kwa mrabaha na ada nimetumia viwango vilivyowekwa mwaka 2017. Mgodi huu unauza wakia 200,000 za dhahabu kwa dola 2,000 kila wakia. Mapato yake ni dola milioni 400. Mrabaha ni milioni 24 na ada ya ukaguzi milioni 4. Kuchimba, kusaga na kuchenjua mbale kunagharimu milioni 190, na utawala wa mgodi milioni 22. Mpaka hapo zimebaki milioni 160. Kisha wahasibu hutoa milioni 60 za uchakavu, jambo tutakalolieleza baadaye kidogo, na zinabaki milioni 100. Hiyo ndiyo faida ya uendeshaji. Kampuni ina deni ambalo riba yake ni milioni 30, hivyo faida kabla ya kodi ni milioni 70. Tukichukulia kwamba kodi ni asilimia 30 ya faida hiyo (kwa kweli sheria ya kodi ina kanuni zake za gharama zipi zikubaliwe), zitatoka milioni 21, na faida halisi itakuwa milioni 49. Hata kama yote itagawanywa, sehemu ya Serikali kwa hisa zake za asilimia 16 haitafika milioni 8.

Katika mgodi mmoja, mwaka mmoja, pana faida nne: milioni 160, milioni 100, milioni 70 na milioni 49. Zote ni za kweli. Msemaji wa kampuni anayetaka kuwafurahisha wanunuzi wa hisa atataja ya kwanza. Anayejadiliana na wafanyakazi juu ya mishahara huenda akaanza na ya mwisho. Neno "faida" likiachwa peke yake bila kijalizo, halimwambii msikilizaji ni ipi kati ya hizo.

Kwa nini basi faida ya uendeshaji ipewe uzito wa pekee? Kwa sababu inapima mgodi wenyewe, bila kujali fedha za kuujenga zilitoka wapi. Mgodi ule ule ungejengwa bila mkopo hata mmoja, faida ya uendeshaji ingekuwa milioni 100 vile vile, ingawa faida kabla ya kodi ingepanda. Kampuni mama huweza kuukopesha mgodi wake fedha nyingi, ikajilipa riba, na faida inayotozwa kodi ikapungua. Ndiyo maana sheria ya kodi ya Tanzania huweka mpaka wa uwiano wa deni na mtaji wa wenye hisa, 7 kwa 3, kwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya kutosha ya umiliki wake, si lazima iwe zaidi ya nusu, imo mikononi mwa wageni. Mwananchi anayetaka kujua iwapo mgodi ni mbovu au ni deni lake tu lililo zito, aitazame faida ya uendeshaji, kisha aitazame riba.

Faida hiyo ina tabia moja ambayo watu wa migodini wanaijua vizuri kuliko sisi wa ofisini. Bei ya dhahabu ikishuka kwa robo, kutoka dola 2,000 hadi 1,500, mapato yanakuwa milioni 300. Mrabaha na ada vinashuka pamoja nayo, kutoka milioni 28 hadi 21. Lakini mwamba hauwi laini kwa sababu bei imeshuka. Mafuta, baruti na mishahara ni ile ile. Faida ya uendeshaji inaporomoka kutoka milioni 100 hadi milioni 7, na baada ya riba kampuni ina hasara ya milioni 23. Robo ya bei imekula karibu faida yote. Mwenye mrabaha amepungukiwa kidogo, mwenye kungoja gawio amekosa kabisa.

Mtaji unaorudi na faida inayozaliwa

Sasa turudi kwenye zile milioni 60 za uchakavu, kwa maana humo ndimo lilimofichika kosa la tafsiri niliyoitaja mwanzoni.

Mtu akinunua gari la kubebea abiria, anajua litachakaa. Mgodi unachakaa kwa namna ya ajabu zaidi, maana mbali na mitambo yake, hazina yenyewe inapungua. Kila tani ya mbale inayotolewa haitatolewa tena. Ndiyo sababu wahasibu wa migodi mara nyingi hawagawi gharama za ujenzi kwa miaka, bali kwa mashapo: ikiwa mwaka huu imetolewa sehemu ya kumi na tano ya mbale zilizokadiriwa kuwapo, sehemu ya kumi na tano ya gharama za kufungua mgodi nayo huhesabiwa kuwa imetumika. Mgodi wa Buzwagi, wilayani Kahama, ulianza kuzalisha mwaka 2009 na ukafikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021. Aliyeweka fedha zake pale alikuwa na takriban miaka kumi na miwili tu ya kuzirudisha. Mwadui, ambako almasi iligunduliwa mwaka 1940, ni habari nyingine kabisa, lakini Mwadui iko moja.

Hivyo basi, katika fedha ambazo mgodi wetu wa mfano umezipata baada ya kulipa gharama za kila siku, yaani milioni 160, sehemu ya milioni 60 ni mtaji unaorudi kwa mwenyewe. Huo ndio urejeshaji wa mtaji kwa maana halisi ya Kiswahili, kama vile tunavyosema marejesho ya mkopo: kitu kilichotoka kinarudi kilikotoka, na mwenye kurudishiwa hajapata kitu kipya. Milioni 100 zinazosalia ndizo zilizozaliwa na mtaji. Mfasiri wetu alikuwa akisoma habari za hizi milioni mia, akaziandika kwa jina la zile sitini.

Kosa hilo lina madhara pande zote mbili. Ukiiita faida "marejesho", unamfanya mwenye mgodi aonekane kama mdai ambaye bado hajalipwa, na mkutano wa kijiji utaona haya kumwuliza lolote. Ukigeuza upande wa pili, ukayaita marejesho "faida", unaziona milioni 160 zote kuwa chumo, nawe unadai mgawo wa kitu ambacho kwa hakika ni mgodi wenyewe unaoliwa kidogo kidogo. Binafsi ninazitilia shaka taarifa zinazotangaza kwa herufi kubwa faida kabla ya uchakavu. Kwa duka la vitambaa labda hapana hasara kubwa. Kwa mgodi ni sawa na mkulima anayehesabu mbegu pamoja na mavuno.

Mahesabu ya kodi nayo si lazima yafanane na vitabu vya kampuni katika jambo hili. Chini ya utaratibu uliofuatana na sheria ya mwaka 1998, kampuni za madini nchini ziliruhusiwa kukata gharama zote za mtaji katika mwaka ule ule zilipotumika, badala ya kuzigawa kwa miaka ya uhai wa mgodi. Kwa hiyo iliwezekana kabisa kampuni iwe na faida ya uendeshaji vitabuni na isiwe na faida ya kutozwa kodi. Wananchi wengi waliona hapo ujanja mtupu. Ilikuwa sheria, kama ilikuwa sheria nzuri ni mjadala mwingine, na mjadala huo ulifanywa kwa ukali kwa miaka mingi.

Baada ya hayo, kipimo chenyewe ni chepesi kukieleza. Tuseme mtaji unaofanya kazi katika mgodi wetu ni dola milioni 1,000, yaani milioni 600 za wenye hisa na milioni 400 za wakopeshaji. Faida ya uendeshaji ya milioni 100 ikigawanywa kwa milioni 1,000 ni asilimia 10. Wengine hutoa kodi kwanza: milioni 100 zikipunguzwa asilimia 30 zinabaki 70, na kipimo kinakuwa asilimia 7. Njia zote mbili hutumika, mradi mwandishi aseme ni ipi. Wakopeshaji wanadai riba ya milioni 30 juu ya milioni 400, yaani asilimia 7.5. Mgodi unazaa asilimia 10 kabla ya kodi, kwa hiyo unawalipa na kusaza. Bei ikishuka kama tulivyoona, utazaa asilimia 0.7, na riba iko pale pale.

Nimesikia mapendekezo kadhaa ya jina la kipimo hiki. "Tija ya mtaji" linavutia, ila tija tayari ina kazi ya kupima uzalishaji wa mfanyakazi na wa shamba. Tukiibebesha na hili itachoka. "Mavuno ya mtaji" lina picha nzuri, lakini mahakamani au kwenye mkataba picha nzuri haitoshi. "Mapato ya mtaji" linaturudisha kwenye mtego wa neno mapato. "Marejesho ya mtaji" nimekwisha kulieleza. Pendekezo langu ni "faida kwa mtaji", na tunapotaja asilimia, "kiwango cha faida kwa mtaji". Kiunganishi "kwa" hapa kinafanya kazi ile ile inayofanywa katika "magunia kwa eka": kinamlazimisha msomaji aulize, mtaji kiasi gani? Najua wapo watakaosema ni refu. Neno "makinikia" nalo lilikuwa geni mno masikioni mwa watu mpaka Machi 2017, usafirishaji wake nje ulipopigwa marufuku. Baada ya majuma machache lilikuwa likitamkwa ndani ya daladala na sokoni bila mtu kujikwaa. Watu hulipokea neno pale wanapoona kwamba jambo lenyewe linawahusu.

Na linawahusu. Mapatano ya Januari 2020 kati ya Serikali na kampuni ya Barrick, yaliyohusu kampuni ya Twiga na migodi ya Bulyanhulu, North Mara na Buzwagi, yanazungumzia kugawana manufaa ya kiuchumi nusu kwa nusu. Manufaa hayo, kwa upande wa Serikali, yanajumlisha kodi, mrabaha na sehemu yake ya faida kwa njia ya hisa. Wapo walioeleza habari hiyo kwa Kiswahili kana kwamba faida ya migodi inagawanywa nusu kwa nusu, kisha wakashangaa kusikia kwamba hisa za Serikali ni asilimia 16. Hapana ukinzani wowote hapo. Manufaa ni chungu kizima, na gawio ni kijiko kimoja tu ndani yake.

Mtaji ukipunguzwa vitabuni

Limebaki jambo moja ambalo sijalipatia jina la kuniridhisha. Mwaka 2013 bei ya dhahabu ilishuka sana, na Barrick, ambayo wakati huo ilikuwa mwenye hisa mkubwa wa migodi niliyoitaja, ilitangaza hasara halisi ya zaidi ya dola bilioni 10. Sehemu kubwa ya hasara hiyo haikuwa fedha zilizotoka mwaka huo. Ilikuwa mitaji iliyowekwa zamani, ambayo wahasibu walikiri sasa kwamba haitarudi. Mradi mmoja tu wa Pascua-Lama, mpakani mwa Chile na Argentina, ulipunguzwa thamani kwa takriban dola bilioni 5 katika robo moja ya mwaka.

Tazama kinachofuata katika kipimo chetu. Mgodi wa mfano ukipunguziwa mtaji vitabuni kutoka milioni 1,000 hadi 600, faida ile ile ya milioni 100 inakuwa karibu asilimia 17. Ikiwa uchakavu nao utapungua kwa kadiri hiyo hiyo, kutoka milioni 60 hadi 36, faida ya uendeshaji itapanda kufikia milioni 124, na kiwango cha faida kwa mtaji kitapita asilimia 20. Hapana wakia hata moja iliyoongezeka. Fedha zilikwisha kupotea, na kwa kupotea kwake mgodi unaonekana hodari. Kwa hiyo mwenye kusoma asilimia nzuri ya kampuni ya madini afungue pia mizania za miaka iliyotangulia, aone mtaji ulikuwa kiasi gani kabla haujapunguzwa.

Tendo hilo tuliiteje? "Uchakavu" halifai, kwa kuwa uchakavu huenda polepole na kwa matarajio, na hili huja kwa kishindo. "Kushuka kwa thamani" tumelizoea kwa habari za fedha za nchi, na msomaji atadhani ni shilingi iliyoshuka. Mwenzangu mmoja amependekeza "mporomoko wa thamani". Linaeleza kishindo, lakini linaficha kwamba kuna mtu aliyekaa mezani akaamua kuandika tarakimu mpya. "Ukataji wa thamani ya mtaji" linamwonyesha mtu huyo, ila halijaonjwa bado katika sentensi za kutosha. Wasomaji walioko Geita, Kahama, Tarime na Mwadui, hasa wale wanaofanya kazi katika vyumba vya hesabu vya migodi, huenda wana neno wanalolitumia miongoni mwao bila kujua kwamba tunalihitaji. Tutalipokea kwa shukrani, pamoja na mfano mmoja au miwili ya matumizi yake.